Chapa moja iliyojaa mambo: uisome kwa ishara, kwa maisha ya msanii, kwa mstari au kwa macho ya nyumbani?

Binti mmoja wa kidato cha sita alinijia Jumamosi na karatasi ya A3 aliyoichapisha kwenye steshenari moja ya Majengo, hapa Dodoma. Wino mweusi ulikuwa umejaa hadi pembeni. "Shikamoo, mwalimu. Nimeitazama wiki nzima. Kila nikisema nimeielewa, naona kitu kingine tena." Ilikuwa nakala ya La Minotauromachie ya msanii wa Hispania Pablo Picasso, chapa, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye sahani ya shaba, na alitakiwa kueleza ishara na migogoro iliyomo. Alikuwa ameshauriwa na watu wanne. Mmoja alimwambia atafute maana ya kila ishara. Wa pili alimtuma akasome maisha ya Picasso. Wa tatu, kijana anayechora mabango, alimwambia aachane na maneno atazame mistari. Na bibi yake, aliyeikuta karatasi mezani kwao Chamwino, aliuliza swali moja tu: huyu ng'ombe amewakosea nini?

Mashauri yote manne yana uzito. Tatizo ni kwamba hayakufikishi mahali pamoja, na mwenye siku tatu za kuandika hawezi kuyafuata yote. Ulinganisho huu ni kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyekwama hapo hapo, awe mwanafunzi, mwalimu, mchoraji, au mtu aliyekutana tu na picha iliyojaa vitu mpaka jicho halijui litue wapi.

Vipimo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali manne yale yale. Inaanzia wapi, na inakutaka uwe unajua nini kabla? Mgogoro inauweka wapi? Inakwama wapi? Inamfaa nani?

Swali la pili ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Kwenye fasihi tulifundishwa kutafuta migogoro kati ya mtu na mtu, mtu na jamii, mtu na nafsi yake. Kwenye picha mgogoro haujitangazi hivyo, kwa sababu hakuna mhusika anayesema neno. Kila njia inaupeleka mahali pengine. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana saa nzima mbele ya picha moja, kumbe kila mmoja anatazama pembe yake.

Kwanza, kilichomo

Picasso aliitengeneza Paris mwaka 1935. Sahani yake ya shaba ina upana wa karibu sentimita 70 na kimo cha karibu sentimita 50. Upande wa kulia anaingia Minotauro, mwili wa mwanaume na kichwa kikubwa cha fahali, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Katikati yupo farasi aliyepasuliwa tumbo, matumbo yako nje, na mgongoni kwake amelala mwanamke aliyevaa kama mpiganaji wa mafahali, kifua wazi, ana upanga. Kushoto amesimama mtoto wa kike mwenye kofia. Mkono mmoja ameshika mshumaa unaowaka, mwingine maua. Nyuma yake mwanaume mwenye ndevu, karibu uchi, yuko kwenye ngazi na amegeuza kichwa. Juu yao kuna dirisha, wanawake wawili wanachungulia, na mbele yao njiwa wawili. Mbali kabisa kuna bahari na tanga la mashua.

Mpaka hapa sijasema maana ya chochote. Tushikilie hivyo kidogo.

Njia ya ishara

*Inaanzia wapi.* Unaorodhesha vitu, kisha unauliza kila kimoja kimebeba nini katika mapokeo yaliyokizaa. Erwin Panofsky, mwanahistoria wa sanaa aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani, aliipanga kazi hii katika ngazi tatu: taja unachokiona, tambua kinatoka katika hadithi au desturi gani, halafu uliza kinasema nini kuhusu zama zilizokitengeneza. Inakutaka uwe na akiba ya hadithi. Minotauro ni mtoto wa malkia wa Krete na fahali, akafungiwa kwenye jengo lenye njia zinazopotosha, akawa analishwa vijana saba na wasichana saba wa Athene, mpaka shujaa Theseus alipomuua kwa msaada wa Ariadne, binti wa mfalme. Ngazi inamkumbusha msomaji wa Biblia ndoto ya Yakobo. Aliyeona michoro ya Ulaya anakumbuka pia ngazi ya kumshushia Yesu msalabani. Njiwa ni wa Nuhu. Mshumaa hauhitaji kitabu: mtu aliyewahi kusimama gizani kwenye mkesha wa Pasaka, akisubiri moto umfikie kutoka mkononi mwa jirani, anajua tayari.

*Inauweka wapi mgogoro.* Kati ya nuru na giza, usafi na unyama. Mstari wa mbele wa vita unaonekana wazi: mtoto huku, jitu kule.

*Inakwama wapi.* Inakwama mapema kuliko watu wanavyodhani. Mtazame tena Minotauro. Hakuna anayemshambulia kwenye picha hii. Kiganja chake kinaelekea kwenye mshumaa, na hakuna kamusi ya ishara itakayokwambia kama anataka kuuzima, kuupokea, au kukinga macho yake na mwanga. Ngazi nayo ina maana mbili zinazovutana: ni ya anayekwenda mbinguni, na ni ya anayekimbia. Picasso mwenyewe hakusaidia. Mwaka 1945, akizungumzia Guernica, mchoro wake mkubwa wa 1937 wenye fahali na farasi, alikubali kwamba fahali ni ukatili na giza na farasi ni watu. Baadaye akasisitiza kwamba fahali ni fahali na farasi ni farasi. Mwanafunzi anayeandika "njiwa ni amani" na kuweka nukta ameandika jambo ambalo angeliandika hata bila kuiona picha.

*Inamfaa nani.* Mwenye mtihani unaotaka ishara zitajwe na zielezwe. Mwalimu mwenye darasa kubwa, maana orodha inaweza kugawanywa kwa vikundi. Pia mtu aliyekulia kwenye vitabu vya dini na hadithi za kale, ambaye akiba yake iko tayari.

Njia ya maisha na wakati

*Inaanzia wapi.* Unaanza nje ya picha, kwenye tarehe. Picasso alizaliwa Málaga, Hispania, mwaka 1881. Baba yake alikuwa mwalimu wa kuchora na alipenda sana kuchora njiwa, kwa hiyo hao walioko dirishani wana uhusiano na sebule ya utotoni kabla hawajafika kwa Nuhu. Tangu mdogo alipelekwa uwanjani kutazama wapiganaji wa mafahali. Na hapa historia inatoa kitu ambacho njia nyingine haiwezi kukupa: ni mwaka 1928 tu ndipo Hispania ilipoagiza farasi wa uwanjani wavalishwe kinga. Kabla ya hapo fahali alimpasua farasi tumbo mbele ya watazamaji. Farasi huyu wa kutisha si ndoto. Ni kitu alichokiona mtoto akiwa amekaa kwenye kiti cha uwanja.

Halafu mwaka wenyewe, 1935. Ndoa yake na Olga Khokhlova ilikuwa inavunjika. Mpenzi wake Marie-Thérèse Walter alikuwa mjamzito, na binti yao Maya alizaliwa Septemba 1935. Kwa miezi kadhaa Picasso aliacha kuchora kwa rangi. Wengi huona uso wa Marie-Thérèse kwa mwanamke aliyelala juu ya farasi.

*Inauweka wapi mgogoro.* Ndani ya nafsi ya mtu mmoja. Minotauro anakuwa Picasso mwenyewe, mwenye nguvu na mwenye aibu. Mwaka 1934 alikuwa ameshachora Minotauro kipofu akiongozwa na msichana mdogo, kwa hiyo dai hili halitoki hewani.

*Inakwama wapi.* Sehemu mbili, na zote zinanigusa. Ya kwanza ni kuwahi mbele. Vita ya Hispania ilianza Julai 1936, na mji wa Guernica ulipigwa mabomu tarehe 26 Aprili 1937. Kwenye mchoro mkubwa uliofuata, uliobeba jina la mji huo, wanarudi fahali, farasi na mwanamke mwenye taa, ndipo watu wanageuka nyuma na kuiita chapa ya 1935 utabiri. Usifanye hivyo. Sema kwamba Picasso alikuwa na watu hawa mkononi tayari, na janga lilipokuja akawatumia. Hilo lina ushahidi.

Ya pili ni nzito zaidi. Ukisema picha yote ni mateso ya Picasso, umeyachukua maumivu ya aliyejeruhiwa ukampa aliyesimama mzima. Marie-Thérèse alikuwa na miaka 17 walipokutana mwaka 1927. Picasso alikuwa na 45. Hilo nalisema mbele ya wanafunzi wangu bila kulipunguza. Mwanamke yule kwenye farasi ana mwili wake na ajali yake, hata kama aliyemchora alikuwa anajihurumia.

*Inamfaa nani.* Anayeandika makala au maelezo ya maonyesho, na mwenye muda wa kuhakikisha tarehe. Isimshike mtu anayependa hadithi za mapenzi kuliko picha, maana atamaliza kurasa tano bila kutaja mstari hata mmoja.

Njia ya mstari

*Inaanzia wapi.* Mkononi. Unauliza kitu hiki kilitengenezwaje. Sahani ya shaba hupakwa nta ngumu. Msanii anakwangua nta kwa sindano, shaba inabaki wazi pale sindano ilipopita. Sahani ikitumbukizwa kwenye asidi, asidi inakula palipo wazi tu. Ikikaa zaidi, mfereji unakuwa wa kina zaidi. Nta inaondolewa, wino unasukumwa kwenye mifereji, uso unapanguswa, karatasi yenye unyevu inawekwa juu, na mashine inaukandamiza mpaka wino unapanda. Picasso aliongeza kukwangua shaba yenyewe, kupunguza weusi aliokwisha kuuweka.

Jambo moja linafuata kutoka hapo: hakuna weusi uliopakwa. Kila giza unaloliona ni mistari iliyorundikana, mmoja mmoja, na weupe ni mahali ambapo mkono uliamua kutogusa, au ulirudi kukwangua. Tena picha hutoka imegeuka. Kwenye shaba Picasso alimchora Minotauro akitokea kushoto. Kwenye karatasi anatokea kulia, kinyume cha mwelekeo tunaosomea maandishi, kama mtu anayepanda basi wakati wengine wanashuka.

Hakuna kitu unachotakiwa kujua kabla. Unahitaji penseli na karatasi ya kunakilia. Fumba macho nusu na uone weupe unabaki wapi. Weka rula kwenye kila mwili: Minotauro anasukuma kutoka kulia, mwanaume wa ngazi anapanda, wanawake wa dirishani wanatazama chini, farasi amejikunja. Mtoto peke yake amesimama wima, ametulia kama nguzo.

*Inauweka wapi mgogoro.* Kwenye nafasi. Kati ya kiganja kile kikubwa na mwali mdogo wa mshumaa kuna kipande kidogo cha karatasi, na picha nzima inakielekea. Uzito wote uko kulia, utulivu wote uko kushoto, na mzigo wa watu walioumia uko katikati. Ukiufunika mshumaa kwa kidole, picha inaanguka. Nimelijaribu hilo na vijana mara nyingi na kila mara kunakuwa kimya kidogo. Hapo mtu anaelewa kwamba mgogoro wa picha hauko lazima kati ya wahusika. Unaweza kuwa kati ya uzito mkubwa na kitu kidogo kinachokataa kusogea.

*Inakwama wapi.* Haiwezi kukwambia kwa nini kichwa ni cha fahali na si cha simba. Pia inategemea nakala. Kwenye simu unakuza kwa vidole viwili, unaliona jicho la farasi vizuri sana, lakini huioni picha. Na weusi wote unakuwa mmoja. A3 ya steshenari ni ndogo kuliko sahani yenyewe, lakini angalau inakupa vyote kwa pamoja. Mwombe mhudumu apunguze wino kama mistari imebanana.

*Inamfaa nani.* Wachoraji, na wanafunzi wasio na maktaba wala fedha za bando. Kwa mchoraji nina ushauri wa ziada. Chukua paketi tupu ya maziwa, ile yenye utando wa kung'aa ndani, ikunjue, uchore upande huo kwa sindano ya bikari. Paka wino mzito wa kuchapia, pangusa, weka karatasi yenye unyevu, sugua kwa mgongo wa kijiko. Haina asidi, kwa hiyo si chapa ya aina ile ile, lakini baada ya nusu saa ya kukwangua ili upate giza la ukubwa wa sarafu, utaitazama kazi ya Picasso kwa heshima nyingine.

Njia ya macho ya nyumbani

*Inaanzia wapi.* Kwa swali la bibi. Ugogoni ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya boma. Kichwa cha fahali hakiingii akilini mwa mtu wa Chamwino kama uovu. Farasi ndiye mgeni. Punda wa kubeba maji tunao, farasi wengi wetu tumemwona kwenye televisheni. Kwa hiyo huruma inageuka upande. Aliyewahi kusikia mchezo wa ng'ombe wa Pemba anajua pia kwamba mtu na fahali wanaweza kukutana uwanjani na fahali akarudi nyumbani mzima. Na aliyezoea vinyago vya mashetani vya Wamakonde hashtushwi na mwili uliochanganyika.

*Inauweka wapi mgogoro.* Nilipomwomba binti aisimulie picha kama tukio la mtaani kwao, alisema hivi: mgeni amefika usiku bila hodi. Mwanaume wa nyumba amepanda ngazi. Majirani wako dirishani, wanaona kila kitu, hawashuki. Aliyetoka na taa ni mtoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema, lakini huyu mgeni atamponya nani? Mgogoro umehama kutoka kati ya mtoto na jitu, umekwenda kati ya anayetoka nje na wanaotazama. Katika miaka yote niliyofundisha picha hii sikuwahi kuwatazama wale wanawake wa dirishani kwa hasira. Sasa siwezi kuwaona vingine.

*Inakwama wapi.* Ni rahisi kumtia Picasso maneno ya Kigogo mdomoni. Andika "mimi naona", usiandike "Picasso alimaanisha". Onyo la karibu zaidi liko Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, yenye mapango zaidi ya 150, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna mchoro mmoja pale wa watu pande mbili na mmoja katikati, mwekundu uliofifia. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya eneo hilo mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Watafiti waliokuja baadaye wameona kinyume chake: ngoma ya uponyaji, na wenzake wakimshikilia mtu aliyepandisha. Mikono ni ile ile. Kwa mmoja inanyang'anya, kwa mwingine inategemeza. Kila aliyefika alikuja na macho ya kwao, na waliochora hawapo wa kuulizwa.

*Inamfaa nani.* Watoto, vikundi vya mtaani, washairi, na mtu mzima anayeogopa picha kwa kudhani haimhusu. Haimtoshi anayesahihishiwa na mgeni asiyejua Chamwino, labda aiunganishe na nyingine.

Kulingana na hali yako

Kama una siku tatu na swali linasema "eleza ishara na migogoro", chukua ishara nne tu badala ya kumi na mbili, na kwa kila moja andika pia inapokataa kueleweka. Ngazi na mkono wa Minotauro zinatosha kukupa aya mbili nzuri.

Kama unaandaa maelezo ya kubandika ukutani, tumia maisha na wakati, lakini tarehe ziwe mbele na mapenzi yawe nyuma, na 1937 uitaje kama kilichofuata.

Kama unachora, au unafundisha watakaochora, kaa kwenye mstari mpaka uchoke. Kama wanafunzi wako hawajawahi kuzungumza juu ya picha yoyote, waulize kwanza nani amefika, nani amekimbia, nani anatazama. Majina ya Kigiriki yatasubiri.

Kama unataka kuchanganya njia mbili, mstari na nyumbani zinashirikiana vizuri kwa sababu zote zinaanza na kilichopo mbele yako. Ishara na maisha hushirikiana pia, ila zikikutana mwandishi mchanga hujikuta anasimulia vitabu. Nisingeshauri zote nne ndani ya kurasa tatu.

Na kama una jioni moja tu, andika kila kitu unachokiona kabla ya kuandika maana ya hata kimoja. Binti alifanya hivyo pale pale kwangu, kwa penseli, nyuma ya daftari lake la Jiografia. Kilichoingia mwisho kwenye orodha ni tanga la mashua. Aliniuliza kama ile mashua inaondoka au inafika, na hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kujiuliza. Tuliisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga, tukaiinamia tena.